Mdogo wangu ana lukemia, mbona fomu wameandika CD4?

Swali: Dokta shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, alianza kwa kuchoka, halafu fizi zikawa zinatoa damu, sisi tukajua ni malaria na upungufu wa damu tu. Wiki hii FBP (kipimo cha hesabu ya seli za damu) imetoka seli nyeupe 86, damu 6.1, pleteleti 14. Slaidi wakasema blasti ni nyingi, ni lukemia, yaani saratani ya damu. Sasa daktari anataka kipimo kinaitwa flo saitometri, ni hela ndefu na sampuli inasafirishwa. Kwenye fomu kuna CD3, CD4, CD8, CD19, CD34 na namba kibao. Mama kaona CD4 akaanza kulia kwamba mtoto anapimwa ukimwi kwa kificho. Naomba unieleweshe, hiki kipimo ni cha nini hasa, kwani slaidi haikutosha? Na damu ya mkononi haiwezi kutumika mpaka achomwe uti wa mgongo? Mama anaogopa atapooza. Na huko njiani sampuli haiharibiki?

Marahaba dada, poleni sana hapo nyumbani. Mimi ni mtu wa maabara, miaka yote kazi yangu ni hizi hizi damu na uboho (ute wa ndani ya mifupa, kiwanda cha damu), kwa hiyo ntakujibu upande wa kipimo, mambo ya dawa na dozi mwachie daktari wenu anaemuona mgonjwa kwa macho.

Naanza na mama maana yeye ndo analia. Hiyo CD4 kwenye fomu sio kipimo cha ukimwi. CD4 ni jina la protini tu, iko juu ya ngozi ya baadhi ya seli nyeupe, mimi ninayo, wewe unayo, mama anayo. Kirusi cha ukimwi kinaishika hiyo protini ili kiingie ndani ya seli, ndo maana kwa mtu ambaye ALISHAJULIKANA ana virusi zile seli zenye CD4 zinahesabiwa kuona kinga imeshuka kiasi gani, na kwa kuwa huku kwetu hilo ndo neno lililozoeleka kila anaeisikia CD4 anawaza kitu kimoja. Ila kumjua mtu ana virusi au hana ni kipimo kingine kabisa, kile cha kutoboa kidole, na hicho lazima aambiwe na aridhie. Sasa usije ukashangaa, kabla ya kemo wataomba kweli kumpima virusi vya ukimwi na homa ya ini, karibu kila mgonjwa wa kemo anapimwa, lakini watasema wazi na fomu yake ni nyingine. Na ripoti ya flo ikirudi imeandika blasti zina CD4, bado sio ukimwi, kuna lukemia zenye asili ya monosaiti (aina ya seli nyeupe) ambazo kwa kawaida yake zinabeba CD4 kidogo. Nshaona familia moja iligombana wiki nzima kwa ajili ya mstari huo mmoja, na hakuna aliewaelezea.

Kuhusu slaidi. Slaidi imefanya kazi yake na imefanya vizuri, imesema kuna blasti nyingi. Blasti ni seli changa, mtoto ambae amegoma kukua na anazaliana tu mpaka anajaza nyumba, wenzake wa kutengeneza damu nyekundu na pleteleti wanakosa pa kukaa, ndo hiyo damu 6 na pleteleti 14 (elfu 14 hiyo, wakati kawaida inaanzia elfu 150). Shida ni kwamba kichanga ukimtazama usoni huwezi kujua ni wa ukoo gani. Chini ya darubini blasti ya ukoo wa limfoidi na ya ukoo wa mieloidi, zile koo mbili kubwa za seli nyeupe, zinaweza kufanana kabisa, duara, kiini kikubwa, basi. Wakati mwingine unabahatika unakuta vijiti vyekundu vyembamba ndani ya seli, vinaitwa vijiti vya Auer, hapo unajua ni mieloidi unalala usingizi. Ila mara nyingi hubahatiki, na mtu anaekuambia yeye anajua kwa kutazama tu kila mara, huyo mwangalie kwa makini.

Na ukoo ndo unaamua matibabu, sio mapambo ya ripoti. Ikiwa ni limfoidi (wanaiita ALL) anapewa steroidi, vinkristini, asparajinesi, dawa nyingine zinawekwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na safari nzima ni miaka miwili mpaka mitatu. Ikiwa ni mieloidi (AML) kwa kijana kama huyo mara nyingi wanaanza na saitarabini siku 7 pamoja na daunorubisini siku 3, analazwa, kinga inashuka mpaka chini kabisa, halafu inarudiwa kwa mizunguko. Ni barabara mbili tofauti. Ukimpeleka mtu wa ALL kwenye barabara ya AML umempa sumu isiyo yake na ugonjwa umeuacha.

Sasa flo yenyewe inafanyaje. Chukulia mizani ya Vigwaza, malori yanatoka Dar yanataka kwenda bara, yangepita yote kwa pamoja hakuna ambaye angejua lipi limezidisha, kwa hiyo yanapangwa foleni yanapita moja moja. Mashine ya flo ni hivyo hivyo, seli zinaingizwa kwenye mrija mwembamba, maji maalum yanazibana pembeni mpaka zinakaa mstari mmoja, zinapita moja moja mbele ya mwanga wa leza, maelfu kwa sekunde. Leza ikigonga seli mwanga unatawanyika, ule unaoenda mbele unasema ukubwa wake, ule unaoruka pembeni unasema ndani imejaa chembechembe au ni tupu.

Hayo yangekuwa yenyewe tu yasingetosha, utamu uko kwenye rangi. Kabla ya kupitisha tunachanganya sampuli na antibodi zilizofungwa rangi zinazong'aa, kila antibodi inanata kwenye protini moja tu, ya CD19 haigusi CD3 na ya CD3 haigusi CD19. Seli ikipita mbele ya leza na rangi ya CD19 ikawaka basi tumejua amevaa nini. Antibodi za namna hii, safi za aina moja, zimewezekana tangu 1975 pale Köhler na Milstein walipopata njia ya kuzitengeneza kule Cambridge, wakapewa Nobel mwaka 1984. Ikaja fujo, kila maabara duniani ikawa inazipa majina yake, mpaka 1982 wakakutana Paris wakakubaliana wape namba, ndo zikaitwa CD hii CD ile, sa hizi zimeshapita 370. Kwa hiyo zile namba kibao kwenye fomu ni kama namba za jezi, hazina ukubwa wala udogo, CD34 sio mbaya kuliko CD3.

Kwenye kompyuta kitu cha kwanza tunachotazama ni CD45. Seli nyeupe zilizokua zinaibeba kwa wingi, limfosaiti inawaka sana. Blasti inaibeba kwa unyonge, na ndani haina chembechembe nyingi, kwa hiyo kwenye mchoro wa nukta blasti zinaangukia sehemu yao, eneo ambalo kwa mtu mwenye afya lina nukta za kuhesabu. Kwa mgonjwa kama mdogo wako utakuta pale pamejaa kundi zito kama inzi kwenye embe. Tunalizungushia duara, halafu tunaanza kuwauliza hao tu, nyie ni wa nani?

Wakionyesha CD34 au TdT, hizo ni alama za utoto. CD19, CD22, CD79a na mara nyingi CD10, ukoo wa B, tawi moja la limfoidi. Wakiwa na MPO, CD117, CD13, CD33, hapo ni mieloidi. Ukoo wa T, tawi la pili la limfoidi, una ujanja wake na ndo unaowapiga chenga wageni, seli T changa mara nyingi CD3 inayo lakini bado haijaitoa nje, imeificha ndani, ukipima juu juu unaandika haina. Inabidi uitoboe ngozi ya seli kwa dawa ili antibodi iingie ndani, ikiwaka ndani pamoja na CD7 basi ni T. MPO, CD79a na TdT nazo tunazitafuta hivyo hivyo, kwa ndani. Ndo maana kipimo hakiishi kwa tyubu moja, ni tyubu kadhaa, na kila antibodi inanunuliwa nje kwa pesa ya kigeni na ina tarehe ya kuisha muda, hapo ndo hela yenu inapoenda.

Na usidhani seli zinafuata vitabu. Utakuta ALL ya B imevaa CD13 au CD33 za mieloidi, haibadiliki kuwa AML kwa hilo, ni nguo ya kuazima. Ila ikija na MPO ya kweli pamoja na alama nzito za B, mazungumzo yanabadilika, kuna lukemia za koo mbili kweli, chache.

Kuna aina moja nataka muijue kwa sababu ya hizo fizi, sisemi anayo, nasema muulize. Inaitwa APL, ni tawi la AML, hii inavuruga mfumo wa kugandisha damu na mgonjwa anaweza kufa kwa kutokwa damu ndani ya siku chache kabla hata ya kemo. Kwenye flo ina sura yake, CD33 kali, MPO kali, halafu mara nyingi CD34 haipo na HLA-DR haipo. Ila uhakika wake unatoka kwenye jeni, kipande cha kromosomu 15 na cha 17 zimebadilishana mahali. Dawa yake ni ATRA, vidonge vinavyotokana na vitamini A, siku hizi pamoja na aseniki (ndiyo, ile ile sumu), na ikigundulika mapema ni katika lukemia zenye matumaini makubwa kuliko zote. Hapa daktari akishuku tu anaanza ATRA bila kusubiri flo wala jeni, kwa hiyo mkimsikia anafanya hivyo msimgombeze kwamba ametibu kabla ya majibu, anajua anachofanya.

Kwa lukemia nyingine nyingi mambo ni kinyume, na hili ndo ambalo ningependa ulisome mara mbili: SAMPULI ITOKE KABLA YA STEROIDI. Predinisoloni na deksamethasoni zinaua blasti za limfoidi haraka ajabu, mgonjwa anapata nafuu, tezi zinanywea, nyumbani mnashangilia, halafu sampuli inatolewa siku ya nne tunapata makaburi. Nimepokea za namna hiyo zaidi ya mara moja, mtu alipewa predinisoloni dispensari kwa ajili ya kifua, hakuna aliesema. Kama ameshapewa chochote, hata sindano ya aleji, mwambieni daktari na iandikwe kwenye fomu.

Kwa swali la mkono, ndiyo inawezekana kwa sehemu kubwa. Seli nyeupe elfu 86 na slaidi imejaa blasti, maana yake wale tunaowatafuta wameshatoka kwenye uboho, wako barabarani, damu ya mkononi inatosha kabisa kujua ukoo na ningeshauri itumwe haraka kama uboho unachelewa. Ila msikatae uboho, bado unatakiwa kwa ajili ya picha kamili ya kiwanda kabla ya dawa, na kipimo cha jeni mara nyingi kinautaka. Mwambieni anaechoma kwamba mvuto wa kwanza kabisa wa sindano, zile mililita chache za mwanzo, ndo wenye seli nzito, akivuta tano za kupeleka kwingine halafu ndo akatukumbuka sisi tunapata damu ya kawaida iliyochuruzika.

Na mama mwambie hivi, uboho sio uti wa mgongo. Uboho unatolewa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, pale mkanda wa suruali unapopita juu ya tako, hakuna uti hapo wa kuupoozesha. Anapigwa ganzi, wakati wa kuvuta atasikia maumivu makali ya sekunde kadhaa yanayoteremka mguuni, mimi siwezi kumdanganya, halafu inaisha, anabanwa pamba vizuri. Pleteleti 14 haizuii kutoa uboho maana ni mahali pa kubonyeza. Kuna kipimo kingine cha maji ya uti wa mgongo, hicho kipo na anaweza kukihitaji baadae, nacho kinachomwa chini kabisa ya mgongo ambapo uti wenyewe ulishaishia juu, na kwa pleteleti hizo kwa kawaida watamuongezea kwanza. Watu wanavichanganya hivi viwili kila siku. Ila kwa sasa asichomwe sindano za tako wala kupewa diklofenaki au aspirini.

Safari ya sampuli. Hapa ndo panapouma, maana flo inataka seli hai. Sio kama kinyama cha bayopsi unachotumbukiza kwenye fomalini kikakaa wiki, ukitia fomalini kwenye hii umeua kipimo. Chupa ni ya kifuniko cha zambarau (EDTA) au ya kijani (heparini), ya zambarau nataka inifikie ndani ya saa 24, ikizidi sana 48, ya kijani inavumilia kidogo zaidi. Joto ni la chumbani, kama nyuzi 18 mpaka 25. Isigandishwe! Kuna sampuli moja ya mtoto ilitoka mkoani ijumaa jioni, mtu kwa nia njema kabisa akaipakia kwenye kontena la barafu kama anapeleka samaki, barafu imegusana na chupa, basi likalala njiani, jumatatu asubuhi naifungua seli nusu zimekufa, na seli iliyokufa inanata kila antibodi unayompa, inawaka rangi zote, inakuwa shahidi anaekubali kila swali. Nikaandika irudiwe. Yule mtoto akachomwa tena.

Kwa mdogo wako nina wasiwasi wa ziada, elfu 86 ni umati, wanakula chakula chote kilichomo kwenye chupa na wanaanza kufa mapema kuliko sampuli ya kawaida. Kwa hiyo itoke asubuhi ya jumatatu mpaka jumatano, iondoke siku hiyo hiyo, kwenye kontena la kuzuia joto bila barafu kuigusa, isikae kwenye buti ya gari juani, na maabara inayopokea ipigiwe simu kabla. Pamoja nayo ziende slaidi mbili tatu ambazo hazijapakwa rangi, majibu ya FBP, umri wake, dawa alizopewa. Flo bila slaidi ni kusikiliza redio ya mpira, unajua goli limeingia ila hujaona lilivyoingia.

Unaweza kujiuliza mbona mikoani kulikuwa na mashine za CD4, si zitumike hizo? Ni wazo zuri na kifamilia ni ndugu kabisa. Ila nyingi zilikuwa ndogo, zimetengenezwa zihesabu kitu kimoja, zinasoma rangi mbili tatu na dawa zake ni za kiwandani zimeshafungwa, huwezi kumwekea CD19. Zile kubwa za rangi nne zingeweza, na kuna mahali zimefanya. Lakini tangu wingi wa virusi uwe ndo kipimo cha kufuatilia dawa za ukimwi, nyingi zimekaa, nimeiona moja imefunikwa kitambaa cha meza na juu yake kuna birika la chai. Roho iliniuma kweli.

Ripoti ikitoka msihangaike na asilimia. Ikisema blasti asilimia 78 sio kwamba yuko stej ya nne, lukemia kali haina stej hizo za uvimbe, na hata hesabu rasmi ya blasti tunaichukua kwenye darubini kwa sababu uboho uliochanganyika na damu unadanganya mashine. Flo pia haisemi jeni, hivyo wakiomba kipimo kingine cha jeni baada ya hapo sio kwamba wanawakamua. Kuna lukemia moja, CML, ambayo flo sio ya kukimbilia kabisa, pale kinachotafutwa ni jeni ya BCR-ABL, na kinyume chake ile ya wazee, CLL, flo ya damu ya mkononi inamaliza karibu kila kitu, CD5 na CD23 juu ya seli B, na zote ni kappa tupu au lambda tupu (aina mbili za protini, kila seli B hubeba moja) wakati kwa mtu mzima wa afya zinakuwa mchanganyiko, ukiona wote wa aina moja unajua ni watoto wa baba mmoja. Hiyo sio ya kijana wa miaka 19, nimeitaja kwa sababu najua watakaosoma hapa wana babu zao.

Hiyo ripoti ya kwanza itunzeni kama hati ya kiwanja. Baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa, hasa ikiwa ni ALL, wanaweza kutafuta mabaki ya ugonjwa, flo nzuri inaokota seli moja mbaya kati ya 10,000, tunapitisha laki tano au zaidi kuitafuta, na tunaitafuta kwa sura ile ile ya mwanzo. Na uboho unapofufuka baada ya kemo unatoa watoto wa B wa halali, wana CD10, wana CD19, wengine CD34, wanafanana na ugonjwa mpaka kijana mmoja pale kwetu aliwahi kupiga kelele imerudi imerudi! Haikuwa imerudi. Watoto wa halali wanaonekana wa rika zote kwenye mchoro, kama ngazi, blasti zinakaa rundo moja la rika moja. Bila ripoti ya kwanza kutofautisha hapo ni kazi.

Hela, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkiwa na barua ya daktari kabla ya kuuza chochote, na kama ana bima ulizeni kibali cha kipimo cha kutumwa nje ya hospitali leo, sio siku sampuli imeshatoka. Majibu yakija niandikie tu mistari ya CD34, TdT, CD19, CD3 ya ndani na MPO, kila moja ipo au haipo, usinitumie picha ya karatasi yenye jina lake.